Utepe wa Glavu

Dukani kwa Apo Mehdi, nyuma ya soko la Skardu,
mitumba ya wageni waliorudi kwao inaning'inia kama nyama buchani:
suti za manyoya ya bata, makucha ya chuma
ya kufunga chini ya buti, miwani yenye ukungu,
na harufu ya jasho lililoganda, likayeyuka, likaganda tena.

Mdogo wangu Yawar ameshavaa koti jekundu.
Anajigeuza mbele ya kipande cha kioo,
kidevu juu, bwana harusi.
"Hili hata wa kambini wataniona."
Watakuona, ndiyo.
Hata anayeganda huonekana.

Mimi ni fundi cherehani, siangalii rangi.
Nalipindua koti, napapasa bitana.
Begani manyoya yapo. Kwapani yapo. Mgongoni, penye figo,
yameshuka yote, yamejikusanya chini kama pumba guniani,
na juu yake ni kitambaa kwa kitambaa:
upepo utapita hapo bila kubisha hodi.
"Binti, unanunua koti au unachuna kuku?"
Vyote viwili, Apo, na kuku wako amekonda.

Tuna rupia elfu ishirini na nane.
Ishirini ni za baba, ameuza yaki.
Nane nimezishona, suruali kwa suruali, msimu mzima wa aprikoti.
Hazitoshi.
Kuchagua ni neno la wenye vitu viwili;
sisi tunaacha. Tunaacha hiki, tunaacha kile,
na kilichobaki mkononi tunasema tumekichagua.

Naanza miguuni. Baba ana vidole sita vya miguu.
Vinne vilibaki juu, mwaka aliozaliwa Yawar,
kwa sababu buti zilimkaa sawasawa.
Sawasawa ya dukani ni kubana mlimani:
mguu huvimba, soksi ya pili hudai nafasi,
damu nayo hutaka mlango.
Namvalisha soksi mbili za sufu alizofuma mama,
namtia kwenye buti kubwa, piga teke kizingiti.
Anapiga. Vidole vimegusa?
Havijagusa.
Piga tena. Wateja wanacheka.
Piga tena.

Buti, elfu kumi na nane.
Makucha tutaazima kwa mjomba Fida.
Nguo ya kuazima haisitiri matako, sawa,
lakini chuma cha kuazima hushika barafu kama cha mwenyewe,
ukikinoa.

Koti jekundu linarudi msumarini. Yawar hanisemeshi.
Nimemchukulia la kijivu, limechanika kiwiko,
elfu saba kwa sababu ya tundu.
Tundu ni kazi yangu. Manyoya yaliyokufa sina dawa yake.

Zimebaki tatu, na glavu ni tatu na nusu.
Namtazama Apo Mehdi. Apo Mehdi anatazama dari.
Zipu zako tano zimekwama, nasema, nitazifungua kabla ya Ijumaa.
Anazisukuma glavu kwa kidole kimoja.

Usiku, chai ya chumvi imepoa kando yangu.
Kiwiko nimekiziba. Kisha nimekata utepe,
nikaupitisha mkono wa kushoto, nyuma ya shingo, mkono wa kulia,
glavu huku, glavu kule,
kama tunavyowafungia watoto wa Hushe
wasipoteze zao njiani kwenda shule.
"Mimi si mtoto," anasema Yawar gizani.
Najua. Mtoto akiangusha glavu hulia, mtu akairudia.
Kule juu huondoka kabla hujasema ah,
na mkono huifuata, kidole kwa kidole.

Alfajiri gari la wapagazi limepiga honi.
Amepanda nyuma, juu ya magunia ya unga.
Kijivu hakimpendezi hata kidogo.
Utepe umechungulia kwenye kifundo cha mkono;
anausukuma ndani, wenzake wasiuone.
Kisu anacho.